Jina la bure la tovuti lina mwenyewe

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nitoe maoni kuhusu makala ya hivi karibuni iliyowahimiza vijana wajipatie jina la kikoa, yaani anwani ya tovuti, bila malipo, ili waweke kazi zao binafsi mtandaoni. Shauri lenyewe ni jema, na mwandishi alilieleza kwa lugha nyepesi. Mimi nina duka dogo la steshenari na ufundi wa kompyuta hapa Majengo, Moshi, na tangu makala ile itoke wamenijia vijana watano wenye kipande cha gazeti mkononi, kila mmoja akitaka apatiwe jina la bure siku hiyohiyo. Kilichonisukuma kuandika ni jambo moja ambalo makala haikuligusa: jina linalotolewa bure lina mwenyewe, na mara nyingi mwenyewe huyo si yule anayelitumia.

Ni kweli kwamba hata anayelipa hanunui jina moja kwa moja. Hulikodi kwa mwaka mmoja au zaidi, na akiacha kulipia, wengine wanaweza kulichukua. Tofauti ni kwamba anayelipa huandikwa katika daftari la rajisi, yaani taasisi inayotunza orodha ya majina, kuwa ndiye mwenye haki ya jina lile kwa muda wote aliolipia, na akichoshwa na msajili mmoja, yaani muuzaji wa majina, anaweza kulihamishia kwa mwingine. Anayepewa bure mara nyingi hana maandishi hayo. Ni kama mgeni aliyekaribishwa sebuleni: atakaa vizuri, atakunywa chai, lakini siku mwenye nyumba akitaka sebule yake hakuna mkataba wa kumwonyesha.

Mfano mkubwa uko wazi kwa yeyote anayefuatilia mambo haya. Kwa miaka mingi kampuni ya Uholanzi iitwayo Freenom iligawa bure majina yanayoishia na .tk, ambayo ni ya Tokelau, visiwa vitatu vya Pasifiki vilivyo chini ya New Zealand na vyenye wakazi wapatao 1,500 tu. Iligawa pia ya .ml ya Mali, .ga ya Gabon, .cf ya Jamhuri ya Afrika ya Kati na .gq ya Guinea ya Ikweta. Majina ya .tk yaliongezeka hata visiwa vile vikapita mataifa makubwa kwa wingi wa majina yaliyosajiliwa. Masharti ya kampuni yalisema kuwa anayepewa bure ni mtumiaji tu, na haki ya jina inabaki kwa kampuni, lakini nani husoma masharti ya kitu cha bure? Matapeli nao walijaa humo, kwa kuwa mtu anayetaka jina la siku tatu za wizi hupenda lile lisilomgharimu kitu. Kampuni ya Meta, yenye Facebook, iliishtaki Freenom, mwanzoni mwa 2023 usajili mpya ukasimamishwa, mwaka huohuo Gabon na Mali zikarudisha usimamizi wa majina yao mikononi mwao, na Februari 2024 Freenom ikatangaza kuwa inaachana kabisa na biashara ya vikoa. Wanafunzi, watafiti na watu wa kawaida waliokuwa wamejenga juu ya majina yale walijikuta nje pamoja na matapeli.

Nisionekane nazungumzia ya mbali tu. Miaka kadhaa iliyopita nilifungua ukurasa wangu wa maelezo ya kutengeneza printa na redio, kazi ya mapenzi tu, haikuniingizia hata shilingi. Kampuni moja, ambayo sina haja ya kuitaja, ilinipa jina bure kwa sharti la kulipia nafasi kwenye seva yake, yaani kompyuta inayohifadhi kurasa. Mwaka wa kwanza ulipita kwa raha. Mwaka wa pili bei ya seva ilipanda mara mbili na zaidi, nikaamua kuhama, ndipo nikaambiwa kwamba jina limesajiliwa kwa jina la kampuni na kulitoa kuna ada yake. Niliikataa ada ile kwa hasira, na sasa naona hasira hiyo ilinigharimu zaidi ya ada yenyewe, kwa sababu jina lilikuwa limekwisha kuchorwa kwenye kibao cha duka. Fundi wa rangi alipaka juu yake na kuandika namba ya simu. Kibao kile bado kipo mlangoni, na mvua ikikilowesha, herufi za jina la zamani hujitokeza chini ya rangi mpya.

Sisemi basi kijana akimbie kila cha bure. Kwa anayejifunza kuna njia zilizo salama kiasi, mradi ajue anakaa kwa nani. Huduma ya GitHub, ambayo watengenezaji wa programu huitumia kuhifadhi kazi zao, humpa kila mtumiaji anwani inayoishia na github.io bila malipo, na papo hapo humpa mahali pa kuweka kurasa zake. Kuna pia eu.org, ambayo imekuwa ikigawa majina bure tangu 1996. Maombi yake hukaguliwa na watu, hivyo mwombaji asitarajie jibu jioni hiyohiyo, na ni lazima awe ameandaa seva za majina, yaani kompyuta zinazojibu jina linaelekea wapi, kabla ya kuomba. Zipo nyingine zinazofaa kwa anayetaka kuifikia kompyuta ya nyumbani kwake akiwa mbali, kama No-IP, ambayo jina lake la bure lazima lithibitishwe upya kila siku 30, na ukisahau linaondoka. Yote haya ni vyumba ndani ya nyumba ya mwingine, na kwa mwanafunzi chumba kinatosha.

Mmoja wa vijana wale watano ni mwanachuo kutoka Kibosho. Babu yake ana kipima mvua katikati ya kihamba, shamba lake la nyumbani, na kila asubuhi huandika milimita kwenye kaunta buku kwa kalamu ya wino. Kijana alitaka namba zile ziwe mtandaoni ili majirani wenye kahawa wazione. Nilimwanzishia kwa anwani ya github.io, na kwa saa moja tu masika ya mwaka huu yakawa kwenye ukurasa. Mjomba wake alipouona alifurahi hata akajitolea kulipia jina kamili la .me.tz, ambalo katika mpango wa vikoa vya nchi yetu limetengwa kwa ajili ya watu binafsi, kama .co.tz ilivyo ya biashara na .sc.tz ya shule. Majina hayo hupatikana kwa wasajili walioidhinishwa. Hapo tulibishana kidogo, kwani mjomba alitaka usajili ufanywe kwa barua pepe ya ofisini kwake. Nilimwomba radhi na kukataa. Mtu akihama kazi, barua pepe ile hufungwa, na ilani zote za kumalizika kwa muda wa jina huenda mahali ambapo hakuna wa kuzisoma. Jina likaandikwa kwa kijana mwenyewe na kwa barua pepe yake binafsi.

Kuliunganisha jina na ukurasa ndiko makala yako ilikopita haraka mno. Jina peke yake halionyeshi kitu. Ni lazima uliambie lielekee wapi, na kazi hiyo hufanywa na rekodi, yaani mistari ya maelekezo inayoandikwa kwa ajili ya jina hilo. Rekodi ya aina ya A hulielekeza jina kwenye namba za seva, ambazo kwa GitHub ni nne, kuanzia 185.199.108.153 hadi 185.199.111.153. Rekodi ya CNAME hulielekeza jina kwenye jina jingine, nayo hutumika kwa lile linaloanza na www, wala haiwekwi kwenye jina kuu lenyewe. Kijana wetu aliingiza namba zote nne bila kosa, lakini kwenye CNAME akaandika anwani nzima pamoja na https:// mbele yake, jinsi alivyoizoea kwenye kivinjari. Aliniita: "Fundi, mbona ya www haifunguki?" Tulifuta herufi zile tukabakiza jina tupu. Bado kompyuta ya dukani ikawa haifungui, wakati simu yake inafungua vizuri, naye akaanza kubadilisha tena rekodi ambazo tayari zilikuwa sahihi. Nilimshika mkono. Kompyuta zilizokwisha kuuliza jina linaelekea wapi huweka jibu la zamani kwa muda uliopangwa, na kwetu muda huo ulikuwa sekunde 3,600, yaani saa moja, na la kufanya lilikuwa kungoja. Tulikwenda kula ndizi nyama. Tuliporudi ilikuwa imefunguka. Cheti cha usalama, kile kinachozuia kivinjari kuutangaza ukurasa kuwa si salama, kilikuja baadaye kidogo bila malipo kutoka Let's Encrypt, shirika ambalo limekuwa likitoa vyeti hivyo bure kwa umma tangu 2015. Hicho ndicho cha bure ninachokipigia debe bila woga, kwa kuwa wakiacha kukitoa kesho, jina langu linabaki kuwa langu.

Nina maombi mawili, Mhariri. La kwanza ni kwako: makala za namna hii zinapochapishwa, tafadhali msomaji aandikiwe palepale jina linasajiliwa kwa nani, na bei ya mwaka wa pili ni kiasi gani, kwa maana "bure mwaka wa kwanza" ni tangazo la biashara na linahitaji kusomwa hivyo. La pili ni kwa wanaosimamia vikoa vya .tz. Mwanafunzi mwenye kitambulisho cha shule au chuo angepewa jina moja la .me.tz kwa mwaka mmoja bila ada, likiwa limeandikwa kwa jina lake halisi, vijana wachache zaidi wangehangaika na majina ya visiwa wasivyoviweza hata kuvionyesha kwenye ramani. Najua kitu cha bure huvuta matapeli, na mfano wa .tk nimeutoa mwenyewe. Lakini kitambulisho na ukomo wa jina moja kwa mtu mmoja vingewazuia wengi wao.

Wale vijana wanne waliobaki nimewaambia warudi Jumamosi mchana na barua pepe zao wenyewe, si za kaka zao.

Wako,
Fundi wa kompyuta,
Majengo, Moshi.