Kuorodhesha wawaniaji hakutoshi, tuambiwe kura zitahesabiwaje

Mhariri,

Uchaguzi ukinukia tu, Mombasa huanza maneno yale yale: fulani amwachie fulani, tusigawanye kura. Wapo wanaosema dawa ni mpiga kura kuwapanga wawaniaji: wa kwanza, wa pili, wa tatu. Naunga mkono, ila wengi huishia hapo bila kusema kura hizo zitahesabiwa vipi.

Chukua wapiga kura 100 wa Kisauni. 40 wanamtaka Ali, kisha Charo, Bakari mwisho. 35 wanaanza na Bakari, kisha Charo, Ali mwisho. 25 waliobaki: Charo, Bakari, Ali. Kwa Ibara ya 180 ya Katiba, gavana ni mwenye kura nyingi tu, basi Ali anaapishwa ingawa watu 60 wamemweka mkiani. Australia huchagua wabunge kwa kumwondoa wa mwisho na kuhamisha kura zake kwa chaguo linalofuata. Kwa njia hiyo Charo anatoka, na Bakari anashinda kwa 60. Sasa wapambanishe wawili wawili, kama alivyotaka Mfaransa Condorcet mwaka 1785: Charo anamshinda Ali 60 kwa 40, na anamshinda Bakari 65 kwa 35. Karatasi ni zile zile, washindi watatu.

Si hesabu za ubaoni hizi. Kule Alaska, Marekani, katika uchaguzi mdogo wa Agosti 2022, Nick Begich alishika nambari tatu akaondolewa, kisha Mary Peltola akambwaga Sarah Palin. Karatasi zilipochambuliwa, ilionekana Begich angemshinda yeyote kati yao wakikutana wawili tu.

Mimi nachagua njia ya wawili wawili, na sababu yangu ni ya kituoni. Tumezoea fomu kutiwa saini na mawakala na kubandikwa mlangoni. Jedwali la nani kamshinda nani lajazwa papo hapo, kisha ya Likoni na Changamwe yanajumlishwa. Mwenye simu na kalamu anahakiki mwenyewe. Njia ya kuondoa haitaki hivyo. Hujui nani atoke hadi vituo vyote vilete, ndipo karatasi zirudiwe au zisafirishwe mahali pamoja. Kwa siasa zetu? Hapana.

Kasoro ipo. Mara chache matokeo huzunguka: Ali amshinde Bakari, Bakari amshinde Charo, Charo naye amshinde Ali. Condorcet mwenyewe aliliona hilo. Sheria iseme mapema kwamba hapo, na hapo tu, anatolewa aliyeshindwa kwa pengo kubwa zaidi.

Kubadili ugavana ni kugusa Katiba, na safari hiyo ni ndefu. Lakini kanuni za mchujo huandikwa na vyama vyenyewe. Vianze na tiketi za wawakilishi wadi, kabla ya Agosti 2027.

Mpiga kura,
Kisauni, Mombasa