Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Manusura wa Kiharusi na Wanaowauguza Nyumbani

Ndugu wanachama,

Mwaka huu kamati imeongeza swali moja la kuuliza tunapoingia nyumba yenye manusura wa kiharusi. Tulizoea kuuliza, "Anatembea?" Sasa tunauliza pia, "Usiku nani anamgeuza, na huyo mtu analala saa ngapi?" Mgonjwa anaweza kuwa anapata nafuu huku mkewe au binti yake akiumia mgongo na kukosa usingizi. Siku anayeuguza akianguka, mazoezi, dawa na chakula cha mgonjwa vyote vinasimama.

Kupima mzigo huo tunatumia dodoso fupi la maswali 13 ya ndiyo au hapana: usingizi, mwili kuchoka, kazi, fedha, mipango ya familia kuvurugika na kadhalika. Mwenye "ndiyo" 7 au zaidi amelemewa, na anahitaji mtu wa kumpokea sasa, si mwezi ujao. Viongozi wa matawi, ulizeni faragha. Mbele ya mgonjwa, kila swali litajibiwa "namshukuru Mungu".

Chukueni suala la kumgeuza mgonjwa. Kumgeuza kila baada ya saa mbili ni utaratibu wa wodi, ambako wauguzi hupokezana zamu. Nyumbani, mtu mmoja hawezi kuufuata mwaka mzima. Mgonjwa mwenye godoro nene la sponji lisilobonyea, ambaye ngozi yake ni salama kila asubuhi, anaweza usiku kuongezewa muda, ageuzwe kila baada ya saa nne badala ya mbili, baada ya muuguzi au tabibu kumkagua na kukubali. Ukaguzi ni wa makalio, nyonga, visigino na vifundo. Kwenye ngozi nyeusi usingoje wekundu. Tafuta sehemu iliyozidi weusi, yenye joto au iliyokuwa ngumu kuliko jirani yake. Sehemu hiyo isilaliwe, wala isisuguliwe. Na pete za mpira za kukalia tuziache, kwa sababu hubana damu kuzunguka palepale tunapotaka kupalinda.

Bega ndilo linaloharibiwa zaidi na mikono yenye nia njema. Bega hukaa mahali pake kwa kushikiliwa na misuli. Misuli ikilegea, uzito wa mkono peke yake hulivuta chini, na sisi tukimnyanyua mgonjwa kwa kumshika kwapani au kumvuta mkono tunamalizia. Maumivu yake hudumu miezi, na mwenye maumivu hafanyi mazoezi. Kumhamisha kutoka kitandani kwenda kwenye kiti kufuate mpangilio huu. Weka kiti upande wake wenye nguvu, na kama kina magurudumu, kifunge breki. Mketishe ukingoni mwa kitanda, nyayo zote zikiwa sakafuni, kisha subiri dakika moja au mbili kizunguzungu kipite. Funga mshipi mpana au khanga iliyokunjwa kiunoni mwake, ushike hapo. Kunja magoti yako, goti lako likizuia goti lake dhaifu lisikunjike. Mwambie ainame mbele hadi kichwa kivuke magoti, ndipo asimame kwa hesabu ya tatu. Watu wengi huruka hatua ya kuinama, na ndipo uzito wote wa mgonjwa unapohamia kwenye mgongo wa anayemsaidia. Akikaa, mkono uliopooza uwekwe juu ya mto, usining'inie. Nguo zianze kuvaliwa upande dhaifu, na zivuliwe kuanzia upande mzima.

Kukanda kwa maji ya moto nako kumeunguza watu. Upande uliopooza mara nyingi hauhisi joto, hivyo mgonjwa hatalalamika. Jaribu maji kwa kiwiko chako, na yakikuchoma wewe hayamfai.

Kwenye chakula, hatari kubwa ni vitu vyepesi kama maji, chai na uji mwepesi, kwa kuwa hukimbia kooni kabla hajawa tayari kumeza na kuingia mapafuni. Mgonjwa akikohoa anapokunywa, au sauti yake ikiwa ya majimaji, simamisha na umpeleke akapimwe umezaji. Akilishwa aketi wima, kidevu kikiinama kidogo, kwa kijiko cha chai, na abaki ameketi nusu saa baada ya kula. Asilishwe akiwa amelazwa mapajani. Mwisho msafishe kinywa, hasa shavu la upande dhaifu, ambako chakula hubaki bila yeye kujua.

Dawa za presha bado zinaachwa mara kipimo kikionyesha nafuu. Kipimo kimeshuka kwa sababu ya dawa! Pimeni kwenye mkono usiopooza, mgonjwa akiwa amepumzika dakika tano. Aspirini asianzishiwe mtu bila agizo la daktari, kwani kuna kiharusi cha kuganda kwa damu na kiharusi cha kuvuja damu, na vinatofautishwa kwa picha ya CT, yaani picha ya mionzi inayoonyesha ndani ya kichwa.

Takribani theluthi moja ya manusura hupata sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito isiyoisha. Kununa, kukataa mazoezi na kulia mfululizo visiitwe kiburi au kudeka. Vinatibika.

Kuhusu fedha, halmashauri zetu hapa Tanzania hutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo isiyo na riba: 4 wanawake, 4 vijana, 2 watu wenye ulemavu. Manusura wengi hawajihesabu kwenye fungu la mwisho, na wanawake wanaouguza hawafikirii fungu la kwanza. Waone maofisa maendeleo ya jamii wa kata zao. Lakini huu ni mkopo. Unafaa kwa biashara ambayo mtu anaweza kuifanya akiwa nyumbani, na haufai kulipia matibabu.

Kwa mwaka ujao kamati inaomba kila tawi lipange zamu ya mapumziko: kila nyumba yenye "ndiyo" 7 na kuendelea ipate mwanachama aliyefundishwa kuhamisha na kulisha, kwa muda wa saa mbili, mara mbili kwa wiki, ili anayeuguza alale au atoke. Orodha za majina na siku zifike kwa katibu kabla ya mkutano mkuu, pamoja na majina ya wanaohitaji kufundishwa upya.