Barua kwa Rehema kabla ya safari ya Pemba

Chumbageni,
Tanga.
Jumapili jioni.

Rafiki yangu mpenzi Rehema,

Salamu nyingi kutoka Tanga. Natumaini barua hii itakukuta mzima wa afya pamoja na mama, ambaye naomba umfikishie shikamoo yangu. Sisi huku hatujambo, ila kusi limeanza kuvuma na madirisha ya upande wa bahari hayafunguki tena bila kugongana.

Barua yako niliipata na nilifurahi kusikia kwamba hatimaye umenunua kamera, na kwamba unataka kuitumia likizo yako Pemba ukipiga picha za maisha ya kila siku ya watu wa kisiwani. Umeniambia kuwa umefundishwa kupiga picha alfajiri na jioni tu, na saa za katikati uzitumie kulala au kula, kwa sababu jua linakuwa kali na nyuso zinajaa vivuli. Hapo ndipo ninapotaka kubishana nawe, na utanisamehe kwa kuwa barua yote itakuwa ya ubishi huo.

Fundisho hilo linamfaa mtu anayepiga picha za milima na majengo. Nawe umekulia Morogoro, mahali ambapo mlima haumkimbii mtu. Kazi za watu wa pwani, hasa za kisiwani, hufuata maji kabla ya kufuata jua. Kwa siku moja bahari hujaa mara mbili na kupwa mara mbili, na kila siku saa zake husogea mbele kwa dakika 50 hivi. Mwezi unapoandama na unapokuwa mpevu huja bamvua, yaani maji hujaa sana na kupwa sana, na tofauti ya kujaa na kupwa katika pwani yetu hii hupita mita 3. Mwezi ukiwa nusu ni maji mafu, ambapo bahari husogea kidogo tu na sehemu kubwa ya miamba hubaki imefunikwa. Sasa lililo muhimu kwako ni hili: huku Tanga, na Pemba vilevile, siku za bamvua maji hujaa kwenye saa kumi, alfajiri na alasiri, kisha hupwa kabisa kwenye saa nne au saa tano asubuhi.

Fikiri maana yake kwa mtu mwenye kamera. Jua linapochomoza maji bado yako juu, na pwani ina watu wachache wanaosubiri. Linapotua maji yako juu tena, na ule mwanga wa dhahabu uliousifu kurasa mbili nzima unaangukia bahari tupu yenye ngalawa zilizotia nanga. Lakini saa nne, saa uliyoambiwa uifunge kamera, wanawake wako majini hadi magotini wakishughulikia mwani, wazee wanachokoa pweza miambani, wengine wanatanda uduvi kwa vitambaa, na vijana wanakwangua ngalawa zilizokaa mchangani kwa ajili ya kupakwa mafuta. Kwa mpangilio uliojiwekea utarudi Morogoro na picha nyingi za jahazi na jua linalotua nyuma yake, picha ambayo, kwa maoni yangu, ilikwisha kupigwa zamani na haina haja ya kurudiwa na mtu yeyote.

Kwa hiyo chagua siku zako kwa kalenda ya mwezi. Ukifika kati ya mwezi 14 na mwezi 18, au siku mwezi unapoandama na chache zinazofuata, utakuta watu kazini. Ukiwa Pemba hutahitaji kuwa na jedwali lolote la maji, kwani mtu yeyote wa pwani ukimwuliza maji yanatoka saa ngapi atakujibu bila hata kutazama saa, na mara nyingi atakuambia pia ni lini yatakuwa mabaya.

Nikuelezee mwani kidogo, kwa sababu nadhani ndio utakaokushughulisha zaidi. Ulianza kulimwa kibiashara Zanzibar mwaka 1989, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, na wakulima wake walio wengi ni wanawake. Vigingi hupigwa mchangani, kamba huvutwa kati ya kigingi na kigingi, na vipande vya mwani hufungwa kwenye kamba hiyo kwa vijikamba vyembamba wanavyoviita tai-tai. Baada ya wiki sita hivi mwani huvunwa, hubebwa ukiwa umelowa maji na mzito ajabu, kisha huanikwa. Kuna aina wanayoiita kotoni, yenye bei nzuri zaidi, na aina ya spinosamu, ambayo ni ya bei ndogo lakini huvumilia zaidi. Kotoni haipendi maji ya moto, na bahari ilivyozidi kupata joto imekuwa ikifa katika sehemu nyingi za Unguja, hata baadhi ya wakulima wakalazimika kuhamia maji yenye kina. Usiitafute habari hii katika picha moja. Itafute katika kamba zenyewe: utaona kamba iliyojaa, na pembeni yake kamba ambayo tai-tai zake zinaning'inia bila kitu.

Upande wa Micheweni, hukohuko Pemba, nilikaa na bibi mmoja aliyekuwa akifunga mbegu chini ya mti wa mkungu, kabla maji hayajatoka. Mguu mmoja ameukunja, mwingine ameunyoosha, na kamba ameipitisha kwenye kidole gumba cha mguu ulionyooka ili isilegee. Kila kipande cha mwani alikigeuza kwanza, akalivunja tawi lililopauka na kulitupa, kisha akakifunga fundo ambalo mpaka leo sikuweza kuliiga, kwa maana lazima likaze mwani usichukuliwe na mkondo na lisiukate shina. Nilipoomba kumpiga picha alikataa uso wake usipigwe. Nikanyamaza, nikaendelea kumpokeza tai-tai. Baada ya muda mrefu akasema, "Basi piga mikono, mwanangu, si ndiyo inayofanya kazi." Picha ile ya mikono na kidole gumba cha mguu naithamini kuliko nyuso zote nilizowahi kupiga, na isingepatikana kama ningeitoa kamera kabla ya kuketi.

Kuhusu adabu sina haja ya kukuhubiria, wewe ni mtoto wa watu. Nitakukumbusha tu kwamba Pemba ni mahali pa salamu ndefu, na mgeni akizikatisha huonekana ana haraka ya kuchukua kitu. Vaa nguo za heshima hata ukiwa majini. Watu wakikuuliza picha zinakwenda wapi, wajibu kinaganaga. Fedha usitoe kwa ajili ya picha, maana kesho yake utapigiwa mikao badala ya kuona kazi, lakini picha zisafishe na uzirudishe. Mimi husafisha hapa mjini, naandika majina nyuma, natuma kwa mtu anayevuka. Ukirudi mara ya pili unaitwa kwa jina, na hapo ndipo kazi inapoanza.

Sasa turudi kwenye jua ulilotishwa nalo. Saa nne halijafika utosini, kwani huku kwetu adhuhuri ya kweli huwa saa sita na dakika 20 hivi, kwa hiyo bado lina upande. Tena pwani ina msaada ambao bara hakuna: mchanga mweupe na maji haba hurudisha mwanga kutoka chini, na uso ulioinamia kamba chini ya ushungi hupata mwanga laini ambao mpiga picha wa studio angeulipia. Simama mahali ambapo jua liko nyuma ya bega la unayempiga, upime mwanga kwenye ngozi ya uso wake, wala usiiachie kamera iamue yenyewe. Kamera ikiona mchanga mweupe hudhani mwanga umezidi, huutia giza, na watu wetu weusi hugeuka vivuli visivyo na macho. Uongeze mwanga kidogo, hata kama mchanga utapauka. Kama una fedha ya kununua kifaa kimoja zaidi, nunua kichujio cha kupunguza mng'aro wa maji, ambacho ukikizungusha mbele ya lenzi unaweza kuona kamba za mwani chini ya maji kana kwamba maji hayapo.

Kitu kimoja Pemba hakisikilizi maji kabisa, nacho ni karafuu. Ukibahatika kukuta msimu, utaziona zimeanikwa juu ya majamvi kando ya barabara na mbele ya nyumba, na harufu itakufikia kabla hujaziona. Sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar hutoka Pemba, jambo linalohusishwa na kimbunga cha mwaka 1872 ambacho kiliiangusha mikarafuu mingi ya Unguja na kuiacha ya Pemba. Jamvi lililotulia juani ni picha nzuri lakini ya kawaida. Subiri wingu. Tone la kwanza likianguka, nyumba nzima hutoka mbio, watoto, wazee, hata mgeni aliyekuja kwa shughuli zake, na majamvi hukunjwa kwa kasi ambayo sijaiona katika kazi nyingine yoyote ya kisiwani. Hapo usiulize kipimo cha mwanga, piga tu. Au afadhali weka kamera chini usaidie, kisha upige zile za baadaye watu wanapocheka.

Kojani pia ningependa uione, kisiwa kidogo upande wa mashariki ambacho nyumba zake zimebanana sana. Wavuvi wake wanajulikana pwani yote kwa kwenda dago, yaani kupiga kambi pwani ya Bara na hata Kenya kwa muda mrefu, hivyo kuna majira ambayo wanaume wengi hawapo na kijiji huendeshwa na wanawake. Ni vizuri ujue hilo mapema, usije ukadhani umefika siku ya msiba.

Mengine ni madogo. Bandarini na karibu na vituo vya polisi au jeshi kamera ikae mkobani, na habari ya kuja na droni bila kibali sahau. Njoo na yeboyebo za miguuni, kwa sababu miamba inachoma, na ukiona wanawake wa mwani wameanza kujitwisha mizigo, toka nao. Maji yakianza kurudi hayangoji mtu amalize picha. Kila jioni ifute kamera kwa kitambaa chenye maji kidogo yasiyo na chumvi, halafu kikavu, na usibadilishe lenzi pwani wakati kusi linapeperusha mchanga.

Kabla ya kuvuka ningeshauri ukae kwangu kidogo. Tutashuka soko la samaki la Deep Sea asubuhi vyombo vinapoingia, kisha twende Sahare maji yakitoka, uizoee kamera mbele ya watu ambao mimi nawafahamu na wao hawatachoka nawe. Ukiweza kunijulisha ni bamvua gani umeichagua, nitaulizia chombo mapema, maana wakati wa kusi safari huahirishwa na mkondo wa Pemba si wa kufanyia mzaha. Nauli ya kwenda nitalipa mimi, ya kurudi utalipa wewe. Na kama ile kamera yako ya zamani bado inafanya kazi njoo nayo, kwa sababu kitufe cha yangu kimeanza kukwama kwa chumvi na fundi wa hapa amesema kipuri chake mpaka kiagizwe Dar es Salaam.

Wasalimie wote hapo nyumbani.

Ni mimi rafiki yako,
Zuhura