Mshauri wa wanafunzi wa afya asiwe mkufunzi wao

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niwasemee wanafunzi wa uuguzi, utabibu na maabara wanaoletwa katika hospitali za hapa Mombasa kwa mafunzo ya vitendo. Mimi ni muuguzi, na kwa miaka mingi nimewapokea wodini wakiwa hawajawahi hata kumwona mtu akikata roho.

Binti mmoja, aliyeniridhia nisimulie habari zake bila jina, alihudumia mtoto usiku kucha, na alfajiri mtoto yule akafariki. Saa mbili asubuhi binti alitakiwa kwenye mtihani. Nilimkuta amejifungia katika chumba cha shuka, na ndipo nilipojua kwamba amekuwa akijidhuru kwa miezi kadhaa. Nilipomsihi amwone mshauri nasaha wa chuo chake, alinijibu: "Sista, huyo ndiye anayenisahihishia mitihani."

Jibu hilo halijanitoka moyoni. Utafiti uliochapishwa mwaka 2016 katika jarida la kitabibu la Marekani, JAMA, uliojumlisha tafiti za nchi nyingi, ulikadiria kwamba asilimia 27.2 ya wanafunzi wa udaktari walikuwa na dalili za sonona, na asilimia 11.1 walikuwa na mawazo ya kujiua. Wanafunzi wetu wa uuguzi hukesha katika wodi zizo hizo.

Nyumbani nako mwanafunzi huambiwa ana mashetani, akapelekwa kusomewa. Dua siikatai, nami huomba, ila dua haimzuii mtu kumwona mtaalamu.

Kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichomhesabu aliyejaribu kujiua kuwa mhalifu, kilitangazwa na Mahakama Kuu mnamo Januari 2025 kuwa kinakiuka Katiba. Hofu ya polisi ikipungua, hofu ya kufukuzwa chuoni ingalipo, na hiyo iko mikononi mwa wakuu wa vyuo. Nawaomba wamwajiri mshauri asiyefundisha, asiyesahihisha mitihani wala kuketi katika kamati ya nidhamu, na mwanafunzi aelezwe tangu siku ya kwanza kwamba siri yake haitatolewa isipokuwa maisha yakiwa hatarini, na ni nani atakayeambiwa hapo.

Kwa aliyelemewa leo, Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya hupokea simu bila malipo kwa nambari 1199.

Muuguzi,
Changamwe, Mombasa