Taarifa ya Mwaka ya Mwenyekiti kwa Wanachama: Haidrojeli Zenye Chembe za Nano

Ndugu wanachama,

Mikutano ya robo mwaka, mijadala ya kisayansi na mafunzo ya maabara yalifanyika kama ilivyopangwa, na kwa kuwa mihtasari mnayo, sitairudia.

Linalohitaji maelezo ni uamuzi wa kamati tendaji, uliotokana na pendekezo langu, wa kuziondoa haidrojeli (jeli zenye maji mengi za kutibu vidonda) zenye chembe ndogo mno za madini ya fedha katika kundi la antioksidanti, yaani vitu vinavyozuia kemikali zinazooksidisha zisidhuru seli, na kuelekeza nguvu zetu kwenye oksidi ya seriamu, kiwanja cha metali ya seriamu na oksijeni. Nimelaumiwa, kwa barua na ana kwa ana, kwamba nilipendelea fani yangu. Sikupendelea. Hakuna anayekana kwamba fedha huua bakteria, lakini sehemu ya uwezo huo hutokana na kuzalisha oksijeni tendaji (molekuli za oksijeni zinazodhuru seli), kitu kilekile ambacho kidonda sugu cha mgonjwa wa kisukari tayari kimelemewa nacho. Seriamu hupishana kati ya hali ya +3 na +4, yaani hutoa elektroni na kuzipokea tena, ikaiga vimeng'enya vya mwili vinavyovunja superoksidi na haidrojeni peroksidi, ambazo ni aina za oksijeni tendaji, kisha ikarudi kazini, ilhali vitamini C ikishatoa elektroni zake haifai tena mpaka irejeshewe. Nayo jeli, ambayo maji yaweza kuzidi asilimia 90 ya uzito wake, huzishikilia chembe hizo zenye nanomita 1 hadi 100 papo hapo kidondani zisigandamane.

Waliopinga walisema kwamba chembe zikiingia katika damu hulimbikizana kwenye ini na wengu. Ni kweli, na ndiyo sababu mimi mwenyewe nilisisitiza kila jeli ipimwe kiasi cha chembe zinazovuja. Aidha, penye asidi seriamu yaweza kugeuka ikawa yenyewe ndiyo inayooksidisha, hivyo hakuna matokeo yatakayopokelewa bila kipimo cha pH, yaani cha kiwango cha asidi.

Nasikitika kwamba siku uamuzi huu ulipojadiliwa akidi ilipatikana kwa taabu, na kwamba wengi wa waliolalamika baadaye hawakuhudhuria wala hawajalipa ada. Vitendanishi vya kupimia peroksidi hununuliwa kwa ada hizo, na mara mbili nimevigharamia kutoka mfukoni mwangu ili vipimo visikatike katikati.

Mwakani, hali ikiruhusu, tunatarajia kupata washirika wa kutusaidia kuzifikisha jeli hizi kwenye majaribio ya wanyama, na wenye madeni ya ada wanaombwa wamwone mhazini kabla ya mkutano ujao.

Mwenyekiti