Barua ya wazi kwa Mkuu wa Mkoa wa Mtwara: Vijana wabunifu wanahitaji mteja

Mheshimiwa Mkuu wa Mkoa,

Mkoa wako una gesi, saruji, bandari na wanunuzi wakubwa wa korosho. Una pia vijana wenye vifaa walivyovibuni wenyewe. Pande hizi mbili hukutana zaidi kwenye mashindano ya ubunifu: mshindi anakabidhiwa hundi ya mfano, picha zinapigwa, na kifaa kinarudi kabatini kwa sababu hakuna aliyekiagiza.

Tunaomba kampuni kubwa ziwe mteja wa kwanza wa kampuni changa. BMW ya Ujerumani ilianzisha mpango wa aina hiyo mwaka 2015. Badala ya kununua hisa, inanunua bidhaa ikiwa bado changa na kuijaribu katika kazi halisi.

Chukua kipimo cha unyevu wa korosho. Mzigo ukizidi unyevu wa asilimia 10 hushika ukungu ghalani, na hasara inamrudia mkulima. Kijana anaweza kuunda kipimo cha bei nafuu, lakini kazi ngumu ni kukirekebisha ili kisome kwa usahihi. Sampuli hupimwa uzito, hukaushwa kwenye oveni ya nyuzi 105 hadi uzito usibadilike tena, kisha jibu hulinganishwa na la kifaa. Hilo lirudiwe kwa korosho za vyama mbalimbali vya ushirika vya wakulima (AMCOS), kubwa na ndogo, asubuhi na mchana wa jua kali, kwani joto hupotosha usomaji. Bila kuruhusiwa kuingia ghala kuu, kijana atarekebisha kifaa kwa kilo mbili za sokoni, na siku ya mnada kitamwaibisha.

Kwa hiyo kampuni iandike tatizo lake kwenye ukurasa mmoja: linatokea wapi, linagharimu kiasi gani, na jibu lipi litakubalika. Kwa mfano, katika sampuli 100, angalau 90 zisitofautiane na oveni kwa zaidi ya nusu asilimia. Namba hiyo ikubaliwe kabla ya kazi kuanza. Isipokuwepo, majaribio hayaishi. Kila mwezi litazuka sharti jipya.

Mkataba uwe wa wiki 12, wenye hati rasmi ya kuagiza bidhaa (LPO). Tunapendekeza asilimia 30 ilipwe mwanzoni, 40 kifaa kikifungwa na 30 matokeo yakithibitishwa, kila ankara ndani ya siku 30. Kampuni kubwa inaweza kusubiri siku 90; ya vijana watatu inakuwa imeshauza kompyuta yake. Masharti ya hesabu zilizokaguliwa za miaka mitatu yaondolewe kwa mikataba midogo, maana kampuni ya mwaka mmoja haiwezi kuwa nazo. Haki ya ubunifu ibaki kwa mbunifu, kampuni ipate haki ya kutumia.

Awepo pia meneja mmoja mwenye bajeti, anayefanya kazi hapahapa Mtwara. Mambo mengi hufia hapa: ofisa uhusiano anapokea wazo kwa furaha, idara ya uzalishaji haijaambiwa, na idhini inasubiriwa kutoka Dar es Salaam hadi msimu unapita. Kwa korosho, tatizo liandikwe ifikapo Juni, majaribio ya awali yafanyike Septemba, na ghalani waingie Oktoba. Kabla kipimo hakijatumika kwenye mauzo, kihakikiwe na Wakala wa Vipimo.

Mheshimiwa, hatudhani unaweza kuilazimisha kampuni binafsi kununua. Lakini wewe ni mwenyekiti wa Baraza la Biashara la Mkoa. Katika kikao kijacho, itake kila kampuni kubwa ilete ukurasa wake mmoja na jina la meneja husika. Vilevile ziagize halmashauri zizipe LPO hizo uzito zinapochambua maombi ya mkopo unaotokana na asilimia 10 ya mapato yao ya ndani, ambamo asilimia 4 ni ya vijana. Kikundi chenye mteja aliyesaini kina uwezo mkubwa zaidi wa kurejesha kuliko chenye andiko zuri tu.

Tuko tayari kuandaa rasimu ya mkataba huo na kuileta ofisini kwako bila malipo.

Wako katika ujenzi wa Taifa,
Washauri wa kampuni changa, Mtwara