Wikiendi ndefu: mji na mlima

Habari za jioni wapendwa. Wengi mmetaka mji na mlima kwa pamoja, kwa hiyo napendekeza tulale sehemu moja siku zote 3, karibu na stendi, tuwe tunatoka asubuhi na kurudi. Kuhamahama na mabegi hula nusu siku.

Mlima tuuweke siku ya pili. Mvua ikinyesha tutabadilishana na ya tatu, maana matembezi ya mjini yanasogezeka. Makumbusho nitayaulizia kwanza, mengi hufungwa Jumatatu.

Muda nimeupigia hesabu kwa kanuni ya mwaka 1892 ya Naismith, mpanda milima wa Uskoti: saa 1 kwa kila kilomita 5, ongeza saa 1 kwa kila mita 600 za kupanda. Kilomita 10 zenye mwinuko wa mita 600 ni saa 3 bila kupumzika. Sisi tuna watoto na wazee, naweka 5. Tuanze saa 1 asubuhi, na saa 6 mchana tugeuze hata kama kilele kinaonekana. Safari iliyopita tulishuka gizani watu 9 na tochi moja, nikimshika mama mmoja mkono jiwe baada ya jiwe. Naomba tusirudie.

Bebeni sweta hata kukiwa na jua. Viatu vipya hapana, vaeni vilivyozoea mguu.

Anayekuja aandike jina hapa kabla ya Alhamisi. Mwenye pumu au goti linalosumbua aniandikie pembeni, tutapunguza njia.